Sawa, Mwalimu

Dada amejifungua salama (wa kiume, jina bado wanavutana), gari hatimaye limepata mnunuzi, na kifungua mimba wangu amerudi bweni bila kulia. Ya kuandika yapo. Lakini akili yangu haijatoka ukumbini tangu Jumatano. Bado nimesimama pale mbele ya wadau, rimoti ya projekta mkononi.

Mnajua tulipofika na hii kazi ya kuhuisha mtaala wa shahada ya TEHAMA. Tangu mradi wa HEET uanze, ule wa kuboresha elimu ya juu kwa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, vyuo vingi vya umma vina rasimu mezani, na sisi tumo. Mtaala tulionao bado una kozi ya Visual Basic 6, lugha ya kuandikia programu ambayo Microsoft waliacha kuihudumia mwaka 2008, hawa wa mwaka wa kwanza wakiwa bado wananyonya. Kwa hiyo nilipanda jukwaani kifua mbele. Kompyuta ya wingu, yaani kutumia seva za mbali kupitia intaneti. Usalama wa mtandao. Sayansi ya data. Ujifunzaji wa mashine. Ulinzi wa taarifa binafsi, maana sheria yake tunayo tangu 2022. Na blokucheni, ile daftari ya kumbukumbu inayotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, kwa heshima ya mkubwa mmoja ambaye hakutokea kikaoni.

Akanyoosha mkono kijana niliyemfundisha mwenyewe. Siku hizi ana timu yake kwenye kampuni ya pesa za simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Orodha ni nzuri sana. Nilitaka kuuliza tu, nani atafundisha?"

"Tutafundisha."

"Sawa, Mwalimu."

Akaketi. Wa benki akachukua kipaza sauti akaanza kulalamika kuhusu Kiingereza cha wahitimu, kikao kikaendelea.

Sauti ile naijua. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akijibu enzi zile maabara yetu ina kompyuta nusu zinazowaka, nami nawaambia wakae wawili wawili, mambo yatatengemaa. Hakuwa na kejeli. Afadhali angekuwa nayo, ningemjibu. Alinihurumia, nadhani. Au hakunihurumia, alikuwa tu na njaa, chai ilikuwa imechelewa. Nimelizungusha jambo hili hadi mume wangu amenikataza kulitaja mezani.

Tatizo ni kwamba rasimu ina safu ya mwisho, ya jina la mwalimu wa kozi, na kwenye zile kozi mpya tumeandika "ataajiriwa". Neno hilo lilikuwa pale ukutani, kwa herufi kubwa, watu wote wakilisoma. Tunaalika watu pilau na mpishi hatujampata. Kijana akishaiva kwenye mambo ya wingu, benki na kampuni za simu wanamchukua kabla hajamaliza uzamili, na bila uzamili siwezi kumkabidhi kozi ya shahada, hata awe anaendesha seva za nchi nzima.

Alhamisi nikawa nimekasirika. Kuuliza ni rahisi! Aje yeye akae kwenye kikao cha idara aone kuongeza kozi moja kulivyo. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, kila krediti saa kumi za mwanafunzi, kwa hiyo ukiingiza kitu lazima kingine kitoke, na kila kozi ina mwenyewe aliyeifundisha tangu ujana wake. Ukimaliza ugomvi huo kuna bodi ya kitivo, kuna Seneti, kuna TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Rasimu yetu ya kwanza ilianza ChatGPT haijatoka. Novemba 2022 ikatoka, tukarudi kuifumua. Mzee wa Mitandao, yule wa ofisi inayotazamana na yangu, alinisomea mwongozo wa mitaala wa 2017 wa ACM na IEEE, vyama vya wataalamu wa kompyuta na uhandisi, unaosema umahiri ni maarifa, stadi na hulka. "Hulka ina krediti ngapi?" akauliza, akaenda zake kula.

Ijumaa umeme ukakatika dakika chache baada ya kuingia darasani. Slaidi hakuna. Nikachukua chaki. Mada ilikuwa kugawa mtandao, nikaandika ubaoni anwani ya mtandao, 192.168.10.0, wenye nafasi 256, na kuwaambia waikate vipande vinne vilivyo sawa. Kila kipande kina anwani 64. Nikasema vifaa vitakavyoingia ni 62, nikanyamaza kwa makusudi. Binti mmoja wa nyuma, ambaye hajawahi kufungua mdomo tangu muhula uanze, akauliza mbili zimekwenda wapi. Jirani yake akasema za akiba. Mwingine akabisha. Nikawaacha wabishane mpaka binti mwenyewe akasema: ya kwanza lazima iwe jina la mtandao wenyewe, na ya mwisho ya kuwaita wote kwa pamoja. Alifika hapo peke yake, kwa mantiki tupu!

Muundo wa anwani hizo ni wa 1981. Codd, mtafiti wa IBM, aliandika makala yake ya hifadhidata za majedwali mwaka 1970, na hiyo kampuni ya kijana wetu sidhani kama ingelala salama usiku mmoja bila majedwali. Kubernetes, zana ya kuendesha programu kwenye wingu, ni ya juzi tu, 2014. Haya yote nayajua siku zote, ila Jumatano yalinikimbia.

Jana nimekaa na rasimu peke yangu, redio iko chini, nimefurahi ajabu. Blokucheni nimeifuta, mkubwa akirudi safari tutaonana. Visual Basic imekwenda, hiyo haina mjadala. Krediti zilizopatikana nimezirudisha kwenye hifadhidata na mitandao, na wingu nimeliingiza humo humo kama mazoezi ya maabara, ambayo mtu wa kampuni anaweza kuja kuyaendesha jioni, mimi nikibaki na kozi na mitihani yake. Kwenye safu ya mwisho sasa kuna majina ya watu walio hai. Mkuu wa Idara ataona Jumanne. Atapiga kelele kidogo.

Mama hapokei simu tangu asubuhi. Mdogo wangu wa Morogoro anasema alimwona akienda shamba na jembe begani, na goti lile daktari alishamwambia apumzike. Nimepiga tena sasa hivi. Inaita tu.