Gitaa langu la kwanza zuri la umeme liliuzwa kwangu kama bovu

"Gitaa ni vidole, kijana." Nimeambiwa maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila aliyeniambia alikuwa na gitaa zuri mkononi.

Gitaa nililoanzia lilikuwa na nyuzi zilizoinuka kiasi kwamba kwenye freti ya 12, kile chuma cha kumi na mbili kinachokatiza shingo, ungepitisha kalamu ya risasi chini yake bila kuugusa hata uzi mmoja. Wakubwa wa bendi walisema komaa nalo, gitaa gumu linakomaza. Nikakomaa. Ncha za vidole zikawa ngumu kama kwato, na bado kila nilichopiga kikawa pembeni kidogo ya wenzangu. Chini kwenye freti tatu za mwanzo nilivumilika, ila nikipanda juu kupiga solo, mpiga besi wetu alikuwa ananitazama kwa huruma. Kuangaliwa kwa huruma na mpiga besi ni jambo la kudhalilisha sana. Nikaanza kuamini sina sikio la muziki.

Hakuna aliyenieleza kitu kimoja rahisi: uzi ulio mbali na shingo ukiubonyeza unavutika, na uzi ukivutika noti inapanda. Kwa hiyo kidole kiko mahali sahihi, sikio ni zima, lakini sauti inatoka juu ya inapotakiwa. Ule ukomavu niliosifiwa ulikuwa kazi ya kujifunza kupiga visivyo kwa nguvu nyingi.

Nilipoanza kutafuta gitaa jingine, ushauri ukabadilika. Sasa ikawa "nunua jina". Bila jina fulani pale kwenye kichwa cha gitaa, usijisumbue. Hapo nilikuwa na jibu, maana nimesoma habari za magitaa kuliko nilivyofanya mazoezi. Leo Fender, ambaye jina lake liko kwenye vichwa vya magitaa dunia nzima, alikuwa fundi redio, na kupiga gitaa hakujua. Brian May wa bendi ya Queen alianza kutengeneza lake mwaka 1963 akiwa na baba yake nyumbani, shingo wakaichonga kwenye mbao ya zamani iliyokuwa juu ya jiko la kuotea moto, springi wakatoa kwenye pikipiki, vidoti vya shingoni ni vifungo vya nguo, na gitaa hilo ndilo unalolisikia kwenye rekodi zao. Eddie Van Halen, mpiga gitaa mwingine maarufu, naye aliunganisha bodi na shingo za bei ya chini, akachomeka pikapu, kile kinachonasa sauti ya nyuzi, aliyoing'oa kwenye gitaa la Gibson. Mpiga besi wetu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe sio Brian May." Kweli. Lakini hakuwa amejibu hoja.

Basi nikapata habari za mtu anayeuza gitaa la umeme lenye umbo la Stratocaster, gitaa maarufu la Fender, nakala ya kiwanda ambacho hakuna mtu anayekitaja kwa fahari. Sababu ya kuuza ilikuwa "haliingii tuni". Watu kadhaa walishalijaribu wakalirudisha ukutani. Nikaenda na waya wangu, bisibisi ndogo, spana ndogo ya pembe sita, na utepe wa kupimia nguo.

Huo utepe ndio ninaotaka kuusimulia, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza sikuliunganisha na amplifaya. Muuzaji alikuwa ameshaiwasha, mwangwi umejaa mpaka ukikohoa unasikika kama uko ndani ya pango, na mwangwi ni mficha maovu. Nikamwomba aizime. Nikapiga gitaa kavu, kila uzi, freti moja baada ya nyingine mpaka mwisho, nikisikiliza noti inayokufa mapema au inayokwaruza. Mbili zilikwaruza kidogo, huko juu kabisa. Nikalishika kama bunduki nikatazama shingo kwa urefu wake: imejikunja kidogo sana kwenda mbele, jinsi inavyotakiwa, na haijapinda upande kama parafujo. Nikaingiza spana kwenye chuma kilicho ndani ya shingo, kile cha kuinyoosha, kuhakikisha meno yake hayajaliwa. Yalikuwa mazima.

Ndipo nikajifanya natuni. Nikagusa uzi wa kwanza kwa wepesi juu ya freti ya 12, ukatoa ile sauti ya kengele, sawasawa kabisa. Nikaubonyeza freti hiyohiyo: noti imepanda. Uzi wa pili hivyohivyo. Zote sita zimepanda, na zimepanda zaidi ya pale ambapo nyuzi zilizoinuka zingeweza kuelezea, kwa sababu hizi hazikuwa juu sana. Muuzaji akasema, "Unaona? Ndio ugonjwa wake huo." Nikaitikia kwa masikitiko.

Nikatoa utepe. Akacheka sana. "Kaka, unataka kulishonea suti?"

Gitaa la aina hiyo lina uzi wa milimita 648 toka mwanzo wa shingo hadi kwenye briji, kile kibao cha chuma kinachobeba nyuzi kwenye bodi, na freti ya 12 inakaa katikati kamili, yaani 324. Nikapima nusu ya kwanza: 324, freti zimepangwa vizuri. Nikapima nusu ya pili, toka freti ya 12 hadi pale uzi unapolalia kwenye briji. Hapo ilitakiwa nipate 324 na kidogo, zaidi kwa zile nyuzi nene. Nikapata pungufu, kwa kila uzi. Mtu aliyewahi kulifungua alivisogeza mbele vile vipande vidogo sita vinavyobeba nyuzi, pengine akidhani ndivyo vinavyopunguza ugumu. Uzi ukiwa mfupi upande ule, kila unachobonyeza kinapanda, na ukipanda juu zaidi ndivyo kinavyozidi kuharibika. Utalituni mpaka jua lizame. Nyuzi zikiwa wazi liko sawa, ukishika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, linakukana.

Na parafujo za nyuma ya kila kipande zilikuwa na nafasi tele ya kurudi. Hapo ndipo nilipopatwa na kikohozi cha kubuni, maana tabasamu lilikuwa linanitoka. Uzuri wa briji ya Stratocaster tangu ilipotoka mwaka 1954 ni kwamba kila uzi una kipande chake, unaurekebisha peke yake. Telecaster za mwanzo, gitaa jingine la Fender, zina vipande vitatu kwa nyuzi sita, ukiufurahisha mmoja unamkasirisha jirani yake.

Nikamalizia kwa kuliunganisha na kugonga kila pikapu polepole kwa ncha ya bisibisi. Tok, tok, tok, zote tatu zinajibu. Vitufe vya sauti vilikwaruza vikizungushwa, ambalo ni vumbi tu na dawa ya kupuliza inalimaliza, lakini mimi nilikunja uso kana kwamba nimeambiwa habari za msiba. Tukaanza kupatana bei. Nililipa chini ya nusu ya alichotaka, na akaniongezea mkoba. Kama unaona nilimdhulumu, kumbuka mwenyewe ndiye aliyelitangaza kuwa bovu. Mimi sikumbishia tu.

Kulirekebisha hakukuchukua muda. Unaweka nyuzi mpya kwanza, kwa sababu nyuzi zilizochakaa zinadanganya hata tyuna. Unanyoosha shingo, unashusha nyuzi, halafu ndio unarudisha vile vipande nyuma kidogokidogo mpaka kengele na noti iliyobonyezwa vilingane. Ukianza na vipande ukamalizia na shingo umefanya kazi ya bure. Kile chuma cha shingo kizungushe robo tu, acha gitaa likae, pima tena. Mimi nilishusha uzi mnene ukawa milimita 2 juu ya freti ya 12 na ule mwembamba chini kidogo ya hapo, zile noti mbili zikanyamaza shingo ilipokaa sawa. Uzi wa tatu ulikuwa ukitoa mlio wa "ting" nikituni, unanasa kwenye kijifereji chake kule karibu na kichwa. Nikachora ndani ya kijifereji kwa kalamu ya risasi. Unga wa kalamu ni kilainishi kizuri kabisa na haujawahi kumwangusha mtu.

Lililobaki lilikuwa kuvuma. Pikapu zenye koili moja moja hunasa uvumi wa umeme wa nyumba, ndivyo zilivyo. Mpiga besi wetu, ambaye sasa alikuwa na wivu anaouita ushauri, akasema dawa ni kufunika tundu zote za ndani kwa karatasi ya alumini ya kufungia vyakula. Wazo lenyewe lina ukweli, mafundi hufunika kwa shaba na kinga hiyo hupunguza kelele nyingine. Ila yeye alisema alumini, na alikuja nayo.

Tukafungua. Akabandika karatasi kila pahala kwa gundi, kwa ustadi wa mtu anayepamba ukumbi wa harusi. Ilipofika kulehemu waya wa ardhi juu yake, lehemu ikakataa kushika, maana alumini haikubali lehemu ya kawaida. Inajikusanya kidonge, inateleza, inadondoka kwenye goti la mtu. Goti lilikuwa lake. Mwishowe akaubana waya kwa parafujo, tukafunga, nikachomeka waya wa amplifaya.

Kimya. Uvumi umekwisha kabisa. "Unasikia?" akasema, kifua mbele. Nikapiga kodi. Gitaa nalo lilikuwa limekwisha kabisa.

Tukafungua, tukapima kwa mita: kila kitu kizima. Tukafunga: kimya. Tukafungua: kizima. Akaanza kuzungumzia pikapu kuungua. Nilipoona hivyo nikaamua kuchomeka waya huku kifuniko kiko wazi, nitazame. Hapo nikaona: plagi ikiingia inausukuma nje ule ulimi wa soketi, ulimi unabusu karatasi ya alumini, na sauti yote inakwenda ardhini. Ukichomoa plagi ili upime, ulimi unarudi nyumbani kama haukufanya kitu. Kipande kidogo cha tepu nyeusi ya mafundi umeme ukutani mwa tundu kikamaliza kesi. Alumini yake sikuibandua, aliifanyia kazi sana.

Uvumi wenyewe haukupungua sana, na dawa niliyoipata haikutoka kwa yeyote. Kwenye gitaa hili pikapu ya kati imezungushwa kinyume na wenzake, kwa hiyo swichi ya kuchagua pikapu ikiwa nafasi ya pili au ya nne, pikapu mbili zinafanya kazi pamoja na uvumi wao unafutana. Sio kila gitaa liko hivyo. Jaribu tu, masikio yatakwambia. Na kama kelele inapungua ukigusa nyuzi, usiogope, maana yake waya wa ardhi umefika kwenye briji.

Mazoezi yaliyofuata niliondoka makusudi kwenye freti za chini. Nikapanda hadi ya 12, nikashika kodi nzima na kuiacha ilie juu ya besi na kinanda. Ikakaa. Nikapanda tena, ikakaa. Mpiga kinanda aligeuka kuangalia ni nani anapiga. Miaka yote ile sikio langu lilikuwa zima, na nilikuwa nimejizuia kupiga juu kwa sababu ya makosa ya mbao na vyuma. Solo zangu nyingi za leo zinakaa huko juu, labda zaidi ya inavyotakiwa, wenzangu hulalamika.

Mengine ni haya. Ukibadilisha unene wa nyuzi, pima upya kila kitu, maana nyuzi nene zinaivuta shingo zaidi. Natumia seti inayoanzia 10 (hiyo ni namba ya unene wa uzi mwembamba kabisa) na sijaona haja ya kupanda; atakayekuambia nyuzi nene ndio uanaume, muulize anatuni sauti ngapi chini. Gitaa zuri kwenye amplifaya mbovu bado lina raha kuliko kinyume chake, ingawa wapo watakaobisha. Na yule mpiga besi siku hizi huniletea besi lake nilipime kwa ule utepe. Namtoza seti ya nyuzi, za gitaa, sio za besi.