Nati, uzi na macho ya ukoo wetu

Jirani mmoja aliniambia nisihangaike na hospitali, nimpeleke mdogo wangu akapungwe. Mwingine alikuja na chetezo kabisa, ubani ukatupalia wote mle chumbani. Siwalaumu sana, maana hata mimi nilitetemeka: macho ya kijana yalikuwa yamepanda juu yakagoma kushuka, weupe mtupu, na shingo imekakamaa. Nikainama karibu na uso wake nikamwita. Akanijibu, "Kaka, nakusikia. Yanavuta tu, siwezi kuyashusha." Pepo gani huyo anayekuacha ujibu kwa adabu hivyo?

Ilikuwa siku ya tatu tangu aanzishiwe vidonge vya haloperidoli kwa ajili ya skizofrenia, ugonjwa wa akili. Nikakodi bajaji, kama elfu tano hivi kwenda na kurudi, na pakiti za dawa nikazitia mfukoni. Pakiti ndizo zilizotuokoa. Muuguzi alizisoma, akauliza kaanza lini, akaenda kuleta sindano ya promethazini. Nusu saa haikuisha, macho yameshuka na mgonjwa anaomba chai. Kumbe haloperidoli yenyewe ndiyo inayoweza kukaza misuli ya macho, hasa siku za mwanzo. Wakampunguzia dozi, wakamwongezea Artane, vidonge vya kuzuia mkazo huo. Waliotupatia vile vidonge hawakutaja neno juu ya macho, na hilo linaniudhi hadi leo.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Ila mimi ni fundi baiskeli hapa Tanga, na fundi hawezi kuona kitu kimegoma akalala. Nikawa nasoma kwenye simu usiku. Nikakutana na habari za mtafiti Philip Holzman na wenzake, Marekani, 1973: walimpa mgonjwa wa skizofrenia kitu kinachobembea akifuate kwa macho. Jicho la kawaida huteleza nacho. Ya wagonjwa wengi yalibaki nyuma, kisha yakaruka kukifukuzia. Diefendorf na Dodge walikwisha kuliona hilo tangu 1908. Kilichoninyima usingizi ni cha 1974: walipowapima ndugu wa damu, watu wazima wa akili, zaidi ya 4 kati ya 10 macho yao yaliruka vilevile. Ndugu wa damu ndiye mimi.

Basi nikachukua nati ya ekseli, nikaifunga uzi wa kushonea, nikaining'iniza kwenye ndoano ya chandarua. Uzi nusu mita, nati inakimbia kama inadaiwa. Nikajitazama kwenye kioo: ukiangalia nati huoni macho yako, ukiangalia macho huioni nati. Ujinga mtupu. Nikahamia kwenye boriti ya ukumbini, uzi mita moja na nusu, hapo nati ikaenda na kurudi kwa utulivu, kama sekunde mbili na nusu hivi. Mke wangu akashika simu kunirekodi. Katikati ya zoezi uzi ukakatika, nati ikabingirika chini ya kabati. Mimi, nisipoteze rekodi, nikaendelea kufuata nati ambayo haipo. Tulipoiangalia ile video, macho yanaruka kama chura kwenye dimbwi! Wiki nzima sikula vizuri.

Mke wangu ndiye aliyenitoa. Yeye hujisifu kwao hakuna aliyewahi kuugua akili, tangu babu wa babu. Nikamwambia afuate kwa macho mstari wa ukuta na dari, polepole, bila kitu chochote kinachotembea. Nikarekodi. Chura yuleyule! Jaribu na wewe kwa mwenzio: jicho lisipokuwa na kitu cha kukifuata haliwezi kuteleza, huruka tu.

Hata hivyo nikampelekea muuguzi video zote mbili, siku ya sindano ya kila mwezi ya mdogo wangu, ile ya ugonjwa wake. Alicheka hadi akavua miwani. Akasema hicho ni kipimo cha watafiti wenye mitambo, wanatafuta kinachorithiwa, wala hakimwambii mtu mmoja kwamba anaumwa au ataumwa. Uchovu huharibu, dawa kama lithiamu huharibu, na wapo wazima wengi wa namna hiyo. Kwa ndugu wa mgonjwa hatari ya kuugua ni kama 9 au 10 kati ya 100, wengine ni 1. Akaniuliza umri. Nikasema 41. "Kwa wanaume huanza zaidi ujanani, baba. Wewe umechelewa foleni."

Mdogo wangu sasa anachoma sindano kila mwezi, na Artane haimtoki mfuko wa shati. Video ya chura amewaonyesha vijana wote wa kijiweni. Nati nilikuwa nimeitoa kwenye baiskeli ya mteja. Nimeirudisha, na akiipitisha mtaani huwa naiangalia gurudumu lake la nyuma kwa wasiwasi kidogo.