Usiku wa Asilimia Mbili

Nyota yenyewe haina jina la kuvutia: HD 189733. Iko kwenye kundinyota la Mbweha, umbali wa miaka ya nuru 64 hivi, na kwa macho matupu huioni. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakitumia darubini ya Haute-Provence, Ufaransa, waligundua kuwa inazungukwa na sayari kubwa ya aina ya Mshtarii, tena kwa karibu mno. Inamaliza mzunguko kwa siku 2.2, wakati Utaridi huchukua siku 88 kulizunguka Jua. Kila mzunguko hupita mbele ya nyota yake kwa upande wetu, na mwanga wa nyota hushuka kwa asilimia 2.4 hivi. Hilo ndilo mwalimu wangu alitaka tulipime, kwa darubini yenye kioo cha sentimita 25 na kamera iliyokwisha kula chumvi nyingi.

Kwa kazi hii asilimia 2.4 ni zawadi. Dunia ikipita mbele ya Jua, mtazamaji wa mbali angeona pungufu isiyofika hata sehemu 1 kwa 10,000.

Tulipoipata nyota, kitu cha kwanza alichofanya mwalimu ni kuharibu picha. Alizungusha kirungu cha fokasi mpaka kila nyota kwenye skrini ikavimba na kuwa duara lenye tundu katikati. Nilimkodolea macho.

“Mwalimu, si ilikuwa imekaa sawa?”

“Hatupigi picha ya kutundika ukutani, mwanangu. Tunahesabu mwanga.”

Sababu alinieleza baadaye, huku kamera ikipiga picha moja baada ya nyingine. Mwanga wa nyota angavu ukirundikana kwenye pikseli chache, pikseli hizo hujaa na hesabu inaharibika. Isitoshe, hakuna pikseli mbili zilizo na wepesi uleule wa kunasa mwanga, kwa hiyo nyota ikiyumba kidogo tu, namba nayo inayumba. Ukiutandaza mwanga juu ya pikseli nyingi, kasoro za hii na ile zinafidiana.

Halafu akachagua nyota nyingine mbili zilizokuwa kwenye picha ileile, za mwangaza usiopishana sana na yetu. Kompyuta ilikuwa ikichora mistari miwili: mmoja wa mwanga wa nyota yetu kama ulivyo, wa pili wa mwanga huo ukigawanywa kwa ule wa majirani zake. Mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye mstari wa kwanza.

Mstari huo ukaporomoka. Nusu nzima ya mwanga ikapotea kwa dakika chache, nami nikaruka kitini nikidhani mambo ndiyo hayo. Mwalimu hakuinua hata kichwa. Aliniashiria kwa kidole mstari wa pili: umetulia tuli. Lilikuwa wingu jembamba, na wingu halichagui, linazifunika nyota zote kwa pamoja. Lilipopita, mstari wa kwanza ukarudi juu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sayari haikuja kwa kishindo namna hiyo. Mstari wa kwanza uliendelea kutetemeka kama ulivyokuwa ukitetemeka tangu mwanzo, hakuna ambaye angegundua lolote. Wa pili ndio uliokuwa ukiinama, nukta moja chini kidogo, inayofuata juu, mbili chini, mpaka ikawa wazi kwamba hazirudi tena mahali pake. Baada ya muda zikatulia kwenye ngazi ya chini. Nusu ya mwanga ilikuwa imetuponyoka bila kutuambia lolote, na sasa asilimia mbili ilikuwa inatuonyesha dunia nyingine. Sijawahi kupata tena msisimko wa aina ile kutokana na grafu.

Mpito mzima, yaani sayari kukatiza mbele ya nyota, huchukua chini kidogo ya saa mbili. Mstari ulipopanda tena nilianza kukunja nyaya, naye akanizuia. Alitaka saa nzima zaidi ya nyota ikiwa peke yake, kwa sababu bila usawa wa kabla na wa baada huwezi kujua ulishuka kutoka wapi. Baridi ilikuwa kali, na nilinung’unika kimoyomoyo, lakini saa ile ndiyo iliyotupa kipimo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mwanga hupungua kwa kadiri ya eneo linalozibwa, kwa hiyo kupata upana tunachukua kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha 0.024 ni 0.155, yaani kipenyo cha sayari ni asilimia 15.5 ya kipenyo cha nyota. Nyota hiyo ni ndogo kuliko Jua, robo tatu hivi ya upana wake, basi sayari inatoka kubwa kidogo kuliko Mshtarii. Uzito wake mpito hausemi. Huo ulipatikana kwa njia ile wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz waliyoitumia mwaka 1995 kuigundua sayari 51 Pegasi b: kupima jinsi mistari ya spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa katika rangi zake, inavyosogea nyota ikivutwa kuja kwetu na kurudi. HD 189733 huyumbishwa kwa kasi ya mita 200 hivi kwa sekunde.

Tulibishana juu ya kitu kimoja tu. Kwenye sehemu ya chini ya grafu palikuwa na kinundu, nukta chache zilizoinuka. Mwaka 2007 watafiti waliotumia Hubble, darubini iliyoko angani, walichapisha vinundu vya namna hiyo kwenye nyota hiihii, wakaonyesha kuwa ni sayari ikipita juu ya madoa meusi ya nyota: inapoziba sehemu iliyofifia, mwanga unaopotea unapungua. Nilikuwa nimeyasoma hayo, nikataka tuandike doa.

“Hubble iko juu ya hewa,” alisema. “Wewe uko chini yake.”

Akanionyesha mtawanyiko wa nukta za kabla ya mpito. Ulikuwa mpana kuliko kinundu changu. Kwenye daftari aliandika muda wa katikati ya mpito, nyota za kulinganishia, saa wingu lilipopita na kina cha mshuko. Kinundu akakiacha. Nilikichora mwenyewe pembeni, kwa penseli, na yeye hakukifuta.