Mukombero ndani ya chupa ya jemu

Mama mkwe aliponikuta stoo nimezungukwa na vipande vya mukombero, mzizi unaosifika kuongeza nguvu za kiume, alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna shida. Huku Shinyalu mwanamume anayehangaikia mzizi huo hahitaji kujieleza. Shida yangu mimi ilikuwa nyingine: anayechimba mukombero msitu wa Kakamega hung'oa mmea mzima, harudishi hata mbegu. Nikasema nitauzalisha kwa tishu kalcha, yaani kukuza vipande vya mmea ndani ya chupa zisizo na vijidudu, kama migomba. Elimu yangu ni miaka miwili ya kuosha chupa kwenye maabara moja Kisumu, msinicheke.

Sufuria ya presha ya kuulia vijidudu ilikuwepo. Chumvi za Murashige na Skoog (chakula cha mmea), aga ya kugandisha na BAP, homoni ya kuchipusha, zilinila elfu sita au saba hivi. Mwenye hesabu kamili ni mke wangu. Sukari ni gramu 30 kwa lita, na kipimo cha uchachu, pH, ni 5.8.

Mara ya kwanza nilikata pingili kwenye ua wa jirani, nikazilowesha kwenye Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, ili kuua vijidudu, nikajaza chupa 40. Siku ya nne nikakuta shamba la ukungu: mweupe, wa kijivu, hata wa pinki. Mtaalamu mmoja (simtaji, bado tunasalimiana) akaniambia niongeze Jik mara mbili. Nikaongeza. Ukungu ulikwisha kweli, na mukombero nao ukaisha. Pingili zote 40 zilitoka nyeupe kama ugali.

Ndipo nikang'amua kwamba uchafu mwingine umo ndani ya mmea wenyewe, na Jik haifiki huko. Nikapanda mbegu kwenye ndoo, chini ya paa la veranda, nikinywesha shinani tu kwa kikombe. Miezi mitatu jani lisiguswe na tone! Mwezi wa pili binti yangu akayaonea huruma, akayaogesha yote kwa beseni zima. Nikaanza kuhesabu upya. Mwishowe nikakata vichipukizi laini tu, na kwenye Jik nikatia matone mawili ya sabuni ya vyombo ili ishike vizuri.

Bado kulikuwa na utomvu. Kila unapokata, maziwa yanatoka, midia (kile chakula cha chupani) inageuka kahawia na kipande kinakufa. Mimi huvitia kwanza kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, na baada ya siku mbili navihamishia chupa mpya. Kati ya 40, safi zikabaki 27. Nilicheza peke yangu stoo.

Kutoa miche nje ya chupa: funika na chupa ya soda iliyokatwa kitako, legeza kifuniko kidogo kidogo. Mitatu niliyoiacha wazi kwa kiburi ilinyauka kabla ya saa sita mchana.

Sasa nina miche sitini na kitu kwenye mifuko. Juzi mama mkwe alirudi, akaizunguka kimya, akaomba mitatu. Ya baba mkwe.