Kazi za Korosho Zipangiwe Madaraja kwa Majukumu Yake

Msimu wa korosho unapokaribia, vyama vya msingi vya ushirika hapa Mtwara huajiri watu wa muda, na mara nyingi malipo yao hunakiliwa tu kutoka orodha ya mwaka uliopita. Nikiwa mtu wa utumishi, naiona desturi hiyo kuwa inawapunja wengi, ilhali njia ya haki inajulikana: kuchambua majukumu ya kila nafasi, kuyathamini, kisha kuiweka nafasi katika daraja linaloistahili.

Uchambuzi hufanyika ghalani, kwa kumtazama mtu akiwa kazini na kumsikiliza. Karani wa mizani, kwa jina la cheo chake, huonekana kuwa mwandishi wa namba. Lakini ukishinda naye siku moja utaona kwamba anahakiki mizani, anakagua unyevu, anatenganisha korosho za daraja la kwanza na la pili, anamwandikia mkulima stakabadhi, na ndiye anayeulizwa kwanza mzigo ukifika ghala kuu ukiwa pungufu. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hulipwa baada ya mnada, kwa hiyo kosa la karani huweza kujitokeza siku nyingi baadaye, wakati mzigo umekwisha kuchanganyika na wa wengine. Dhamana ya namna hiyo haionekani kabisa katika neno “karani”.

Baada ya hapo huja tathmini. Vigezo vinavyotumika sana ni ujuzi, juhudi, dhamana na mazingira ya kazi. Kila kimoja hupewa alama, na jumla ndiyo huamua daraja. Kinachopimwa ni kazi yenyewe, hata kama anayeishika leo ana shahada au ni mpwa wa mwenyekiti.

Hatari kubwa imo katika kuchagua vigezo. Kamati ikihesabu juhudi kwa uzito wa gunia peke yake, mpakiaji atapata alama nyingi na mwanamke wa kiwanda cha kubangua atabaki chini, ingawa mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na jicho lake ndilo linalotofautisha W240, yaani punje nzima zisizozidi 240 kwa ratili, na W320 zilizo ndogo zaidi. Wepesi wa vidole na umakini wa macho kutwa nzima ni juhudi na ujuzi, na vipewe alama zake. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, unahimiza kazi zithaminiwe kwa vigezo visivyo na upendeleo, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe ujira sawa kwa wanaume na wanawake wanaofanya kazi zenye thamani sawa. Kwa sababu hiyo, ningependa wabanguaji wenyewe wawe na mjumbe katika kamati.

Majukumu nayo hubadilika. Minada ya korosho sasa inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na chama ambacho maelezo ya kazi ya katibu wake yaliandikwa enzi za masanduku ya zabuni kinapaswa kuyafungua na kuyapima upya kabla ya kutangaza ajira za msimu ujao.