Golf GTI au Golf R: vile nilizunguka miezi minne mpaka nikaamua

Mwaka 2022 nilimaliza mkopo wa sako, nikamwambia mke wangu sasa ile Volkswagen Golf niliyokuwa nikiiimba tangu hatujaoana naenda kuitafuta, akasema sawa baba watoto lakini ni moja tu na ikiharibika usije kuuza friji. Nikaingia sokoni. Sheria yetu Kenya gari ikishapita miaka minane haiingii nchini, kwa hivyo mwaka huo ilikuwa ni 2015 kuendelea, manake ni Golf 7. Na Golf 7 ya mbio iko ya aina mbili, GTI na R, na hapo ndipo usingizi uliniisha.

Injini kimsingi ni moja, ile petroli ya lita 2.0 yenye turbo ambayo mafundi wanaiita EA888. GTI ya kawaida inatoa farasi 220, ukipata yenye Performance Pack ni 230 na breki kubwa zaidi na difu ya mbele (ile inayogawa nguvu kati ya tairi mbili) inayofungwa kwa umeme. R ya Uingereza ina 300, lakini zile walizotengenezea Japani na nchi za joto walizipunguza mpaka 280, na hizi za Japani ndizo nilizokuwa nakutana nazo zaidi. Halafu R inavuta matairi yote manne kwa mfumo wa Haldex, GTI inavuta ya mbele peke yake. Mia kwa saa R inafika kwa sekunde kama tano, GTI sita na nukta nne. Mimi kwa kusoma hizo namba nilishamaliza, nilikuwa natafuta R, mtu aache farasi hamsini mezani kwa sababu gani?

Ushuru ndio ulinifanya nipunguze mwendo kidogo. KRA, watu wa kodi, hawaangalii wewe umelipa ngapi mnadani, wana orodha yao ya bei ya gari ikiwa mpya, wanatoa uchakavu wa miaka halafu ndio wanapiga hesabu, na R kwenye hiyo orodha iko juu ya GTI. Kwa hivyo hata ukiotea R ya bei nzuri Japani, bandarini mnakutana tena. Wakati ule duty (ushuru wa forodha) ilikuwa asilimia 25, excise (ushuru wa bidhaa) 25 kwa injini kama hiyo, VAT 16, kila moja imepanda juu ya mgongo wa mwenzake (na tangu Julai 2023 duty yenyewe imekuwa 35). Ajenti wangu alinipigia hesabu mbili kwenye karatasi moja, nikaikunja nikatia mfukoni nikasema wacha nitafute ambazo zishaingia.

R ya kwanza niliipata hapa hapa Mombasa, ya buluu, kutoka Japani, rimu za 19, muuzaji akasema imefanyiwa service kila kitu. Nikaenda nayo Dongo Kundu kwenye bypass asubuhi ya Jumamosi kabla malori hayajajaa. Nilipokanyaga, tairi za mbele zilipiga kelele, steringi ikavuta mkono, mimi moyo ukaruka nikasema hii ndiyo nguvu yenyewe. Nilirudi nimeshaamua kununua, kusema kweli hata rangi ya mazulia nilikuwa nimeshafikiria.

Bahati nilikuwa na fundi ambaye ananitengenezea gari miaka. Nikamhadithia vile tairi za mbele zilivyolia, akaniangalia akasema, "Boss, R nzima haifanyi hivyo." Akanieleza, Haldex ya hiyo gari ina pampu ndogo ya oili inayobana klachi ili nguvu iende nyuma, na mbele ya pampu kuna kichujio kidogo cha waya, klachi zikisagika ule ungaunga unajaa pale, pampu inahangaika mpaka inakufa. Haizimi gari, wala huenda usione taa yoyote, unaendesha tu ukidhani una tairi nne kumbe umebaki na mbili. Tukaipandisha juu, akachomeka mashine, kweli pampu inaleta fault, oili aliyoimwaga ilikuwa nyeusi. Oili hiyo inatakiwa kubadilishwa kila miaka mitatu hivi na kichujio kusafishwa, hii ilikuwa haijaguswa tangu itoke kiwandani. Rimu moja pia ilikuwa imepinda kwa ndani, tairi za 19 ni nyembamba sana, ukingo wa shimo unagonga chuma moja kwa moja.

Muuzaji alikubali kupunguza bei na pampu si kitu cha kumuua mtu, kwa hivyo bado ningeweza kuichukua. Lakini ile siku ilinifungua macho. Nilikuwa nimeendesha R ambayo si R, nikaipenda, na sikujua. Kama sijui tofauti, basi mimi nanunua nini hasa? Nikasema sitoi shilingi mpaka nikae kwenye R nzima na GTI nzima, siku moja, barabara moja.

Ilinichukua wiki nyingi. Shemeji yangu Nairobi ana rafiki mwenye R iliyotunzwa, na huko huko kulikuwa na GTI ya 2015 kutoka Uingereza, yenye Performance Pack, inauzwa. Tukaelewana tukutane, tukapanda Limuru mpaka kule inakochungulia bonde la ufa, na mvua ikanyesha, tena ile ya nguvu, namshukuru Mungu kwa ile mvua.

R kwenye maji ni kitu kingine jamani, sitaki kudanganya mtu. Unakanyaga ukitoka kona, gari inainama kidogo nyuma na kuondoka, hakuna kelele, hakuna kuteleza, kama imefungwa kwa kamba. GTI pale pale ilinitaka niwe mpole na mguu, ukiwa na pupa pua inatoka nje, ila ile difu ukiisubiri nusu sekunde unaisikia kabisa inavuta pua irudi ndani, na mkononi unajua kila kinachoendelea chini. GTI ni nyepesi kwa karibu kilo mia na inageuka kwa wepesi huo. Kwenye R nilikuwa nakwenda kasi na nimestarehe, kwenye GTI nilikuwa nakwenda pole zaidi na nilikuwa naendesha. Sijui kama naeleweka, lakini aliyewahi kukaa kwenye zote ataelewa.

Halafu nikajiuliza mimi nakaa wapi. Nakaa Likoni. Kila siku asubuhi niko kwenye foleni ya feri, nikishuka ng'ambo ni matuta na pikipiki na tuktuk mpaka kazini, mara moja kwa mwezi napanda Nairobi nyuma ya malori ya kontena ambapo unachohitaji ni kutoka 70 mpaka 110 haraka upite lori urudi kwako, na hiyo zote mbili zinaifanya bila kutoka jasho. Zile sekunde za R ni za kutoka pale ulipokuwa umesimama, na mimi nikisimama mbele yangu kuna tuktuk. Ningekuwa wa Limuru au Kericho, mahali mvua na tope ni maisha, ningenunua R siku ile ile.

Ile GTI niliikagua kama naoa. Gari za Uingereza zina raha moja, ukiwa na namba yake ya kule unaingia kwenye tovuti ya serikali yao unaona historia ya ukaguzi wa MOT, kila mwaka maili ngapi na ilifeli nini, kwa hivyo ukirudisha maili nyuma unajulikana. Ubaya wake ni kutu, kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, kwa hivyo nililala chini na tochi nikaangalia bolti za saspensheni na mabomba ya breki moja moja. Gia boksi yao ya DSG, otomatiki ya gia sita, oili na filta hubadilishwa kila kilomita 60,000, nikataka risiti, ikapatikana. Fundi aliniambia kwa simu niangalie pale water pump inapokaa na thermostat, ile nyumba yake ni plastiki na inajulikana kuvuja, nikaona alama ya maji yaliyokauka ya rangi ya waridi, nikaitumia kushusha bei. Spidi iko kwa maili, hiyo unazoea. Redio inashika stesheni zetu zote, R ya Japani redio yake inaishia chini huko, haifiki stesheni zetu nyingi, na menyu ni Kijapani.

Nikaishusha nyumbani mwenyewe. Nilipita Voi saa kumi jioni, zile siti zake za kitambaa cha mirabamiraba kama ubao wa drafti zimeshapata joto, na Mariakani nilikuwa bado sijawasha redio.

Sasa nimeshaiendesha kilomita elfu thelathini na moja. Water pump nilibadilisha mwezi wa pili, tairi za mbele seti moja (difu hiyo inazila, usidanganywe). Oktoba 2023 petroli ilipofika shilingi 217 na ushee Nairobi, kilomita zangu kumi na mbili kwa lita safarini zilinisaidia sana, mwenye R wa Nairobi alikuwa anapata kumi. Kwenye feri bampa inakwaruza nikiingia wima, kwa hivyo naingia kwa pembeni kidogo, na wale jamaa wanaopanga magari washanijua, wananipungia mkono wa upande mapema.

Ile R ya buluu aliinunua mwenzangu wa kazini baada ya mimi kumwambia ukweli wote wa Haldex, akaweka pampu mpya na rimu za 18. Jumapili zingine tunakwenda nazo Malindi, tukifika Kilifi darajani tunabadilishana funguo.