Waigizaji wawili na risasi za New York

Napenda sana picha za chapa za enzi za mababu, na hii ya Nathaniel Currier ya 1849 nimeikodolea macho wiki nzima. Nyuma kuna jumba la Astor Place Opera House, New York. Askari wamejipanga mstari, bunduki zinatema moshi, na mbele yao raia wenye kofia ndefu wanatawanyika. Waigizaji wawili ambao ugomvi wao ulizua haya yote hawaonekani popote!

Walikuwa Muingereza William Charles Macready na Mmarekani Edwin Forrest, wote mabingwa wa kuigiza tamthilia za Shakespeare. Mwaka 1846 Forrest alimzomea waziwazi Macready alipokuwa jukwaani Edinburgh, Uskoti. Mashabiki wa Forrest wakaendeleza ugomvi huo New York: Mei 7, 1849, Macready akiigiza Macbeth, alirushiwa mayai mpaka viti. Akataka kufunga virago. Wakubwa, akiwemo mwandishi Herman Melville, wakamwandikia barua ya kumsihi abaki.

Huo ushauri, jamani! Mabango yakabandikwa yakiwauliza wafanyakazi kama mji wao utawaliwe na Wamarekani au Waingereza. Na jumba lenyewe lilikuwa la matajiri, huingii bila glavu nyeupe. Mimi nimelelewa katikati ya kelele za Simba na Yanga, ushabiki naujua, ila hapa Shakespeare alikuwa kisingizio tu. Hasira ilikuwa ya tumbo na tabaka.

Mei 10 Macready akapanda tena jukwaani. Nje mawe, kisha risasi. Wakafa watu zaidi ya 20. Macready alitoroka amejibadilisha mavazi, na hakuigiza tena Marekani. Forrest? Aliendelea na maonyesho yake.